Kufuli Linalomfungia Aliyelipa

Leo nataka tuzungumze kuhusu gemu, zile za kompyuta na za pleisteshen. Wazazi mnaonisikiliza, naomba msibadilishe stesheni. Mazungumzo haya ni ya fedha iliyotoka mfukoni na kitu kilichochukuliwa baada ya kulipiwa, na mfuko wenyewe mara nyingi ni wenu.

Desemba 2014 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa gemu ya mbio za magari inayoitwa The Crew. Walioitengeneza waliichukua Marekani nzima wakaipunguza, ukawa unaweza kuondoka New York na gari lako, ukapita jangwani na milimani, ukatokea Los Angeles bila kusimama. Iliuzwa madukani kwenye diski, ndani ya kasha, kwa bei kamili. Lakini ili iwake ilipaswa kuwasiliana na seva za kampuni muda wote, hata kwa mtu anayeendesha peke yake, asiyeshindana na yeyote. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ikazima seva zile. Siku hiyo diski ikageuka kipande cha plastiki. Aliyeinunua mwaka 2014 na aliyeinunua mwaka 2023, muda mfupi kabla haijaondolewa sokoni, wote wamepata sawasawa: kasha wanalo, risiti wanayo, gemu hawana. Wiki chache baadaye waliokuwa nayo kwenye akaunti zao za Ubisoft wakakuta leseni yenyewe imefutwa.

Novemba mwaka huohuo wateja wawili walifungua kesi California. Mawakili wa kampuni wakajibu kwamba mteja hakununua gemu, alinunua ruhusa ya kuitumia, na kwamba maandishi ya kwenye kasha yalimwonya. Walalamikaji nao wakatoa msimbo wa kuwashia uliokuja ndani ya kasha lilelile. Tarehe yake ya kuisha ilikuwa mwaka 2099.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho mwisho wa safari ndefu ya kufuli za gemu. Na nitakachokisema leo ni hiki: kufuli hizi zimeanzishwa kwa jina la kumzuia mwizi, lakini anayezihisi mkononi ni mtu aliyelipa. Mwizi huzivunja, akaondoka na gemu safi isiyouliza maswali. Mwenye risiti ndiye anayebaki nazo, na muuzaji akishaondoka, anabaki nje.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1980 gemu ziliuzwa kwenye kaseti, na yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kurekodi nakala. Watengenezaji walikuwa na haki ya kukereka. Mwaka 1985 gemu ya Elite, katika toleo la kompyuta ndogo ya ZX Spectrum, ilikuja na kipande cha lenzi ya plastiki kilichoitwa Lenslok. Ulikiweka mbele ya kioo cha televisheni ili herufi zilizovurugwa zisomeke, ndipo gemu ifunguke. Televisheni yako ikiwa kubwa mno au ndogo mno, herufi hazikusomeka. Baadhi ya wanunuzi walipewa hata lenzi ya gemu nyingine. Miaka michache baadaye The Secret of Monkey Island ikaja na gurudumu la karatasi: unalizungusha mpaka nusu mbili za sura ya haramia ziungane, kisha unaandika mwaka unaousoma hapo. Gurudumu likichanika au likipotea, gemu nayo imepotea.

Kufuli hizo za karatasi na plastiki ziliudhi, lakini hazikugusa kompyuta yenyewe. Hali ilibadilika diski za CD zilipoenea. Kampuni ya Macrovision ilitengeneza kufuli la SafeDisc, na Sony DADC ikatengeneza SecuROM. SafeDisc iliingiza ndani kabisa ya Windows programu ndogo ya kukagua diski, pale ambapo programu za kawaida hazifiki. Mnunuzi aliyetaka kujenga nyumba kwenye The Sims au kupigana vita vya Battlefield 1942 alijikuta ameweka mlinzi wa kampuni nyingine kwenye mashine yake bila kuulizwa kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2007 ikagundulika kwamba mlinzi huyo ana tundu: wadukuzi waliweza kumtumia kuteka kompyuta.

Sasa sikiliza kilichofuata. Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10, ikasema wazi kwamba programu ya SafeDisc ni hatari kwa usalama na haitaruhusiwa kufanya kazi. Septemba mwaka huo ikatuma sasisho lililoizima hata kwenye Windows za zamani, Vista, 7 na 8. Kwa usalama wa kompyuta, Microsoft walifanya sawa. Lakini mamia ya gemu halali, zilizonunuliwa kwa fedha halali, zikaacha kuwaka kwa siku moja, kwa sababu mlinzi ameondoka na mlango ulijengwa usifunguke bila yeye. Na nani hakudhurika? Aliyekuwa na nakala ya wizi, kwa kuwa nakala ile ilishatolewa kufuli miaka mingi kabla ya hapo. Wenye diski halali wakalazimika kwenda kutafuta mafaili yaliyovunjwa na maharamia ili wacheze mali yao. Sijui tusi kubwa kuliko hilo kwa mteja mwaminifu.

SecuROM nayo ina kisa chake. Septemba 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa Spore, gemu ya Will Wright, mtu yuleyule aliyebuni The Sims. Unaanza kama kijidudu majini, unakua, unatembea nchi kavu, unajenga ustaarabu, mwisho unasafiri angani. Watu waliisubiri kwa miaka. Ilipofika, ilikuja na sharti: diski unaweza kuisajili kwenye kompyuta mara tatu tu. Ukibadilisha mashine au ukiweka Windows upya, hesabu inaongezeka. Ukimaliza tatu, piga simu uombe. Ndani ya siku chache zaidi ya wateja 2,000 waliipa nyota moja kwenye duka la Amazon, wengi wakilalamikia kufuli hilo. Kesi ikafunguliwa California mwezi huohuo. Na maharamia? Walikuwa wameshaivunja kabla haijafika siku rasmi ya kuuzwa. Tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba ilipakuliwa isivyo halali mara milioni 1.7 mwaka ule, ikawa gemu iliyoibiwa kuliko zote. Ilipofika Desemba, Electronic Arts yenyewe ikaanza kuiuza kwenye duka la Steam bila SecuROM.

Ungedhani somo limeingia. Badala yake kampuni zikaamua kwamba kufuli likae mbali na mteja, kwenye seva, asikoweza kulifikia.

Ubisoft walijaribu hilo mapema 2010 na toleo la kompyuta la Assassin's Creed II, hadithi ya mtu mmoja anayecheza peke yake. Intaneti ikikatika, gemu inasimama. Machi mwaka huo seva za Ubisoft zikashambuliwa, na watu waliolipa wakashindwa kucheza, na nakala zilipovunjwa baadaye, waliokuwa nazo wakacheza bila kujua kama kuna seva duniani. Mwaka 2012 kampuni ikasema imeachana na utaratibu ule. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya Electronic Arts, gemu ya kujenga miji. Seva zikalemewa tangu siku ya kwanza, watu wakakaa kwenye foleni kusubiri kuingia kwenye miji yao wenyewe, na Amazon ikasitisha kwa muda kuiuza kwa njia ya kupakua. Kampuni ilieleza kwamba gemu ile haiwezi kuendeshwa bila seva, kwa sababu seva zinasaidia kupiga hesabu za mji. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, ikatoa sasisho la kuichezea bila intaneti.

Mwaka 2013 ndio pia Microsoft walipotangaza mashine ya Xbox One. Walisema itabidi iripoti makao makuu kupitia intaneti walau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezeki. Mkuu wa kitengo cha Xbox wakati ule, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika, alijibu kwamba kwao kuna mashine ya zamani, Xbox 360. Orodha ya nchi 21 za kwanza zilizotajwa kuhudumiwa haikuwa na hata nchi moja ya Afrika. Makelele yalikuwa makubwa, na tarehe 19 Juni 2013 Microsoft wakaufuta mpango wote. Wachezaji ndio waliowashinda, na hilo nataka vijana walishike.

Jibu lile la Mattrick tungelielewa sana huku kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tunaokumbuka siku zile tunakumbuka mabenki, ofisi na simu zilivyozubaa. Katika siku kama zile, kijana aliyenunua gemu ya kucheza peke yake nyumbani kwake, na umeme upo, hana sababu yoyote ya kukosa kucheza. Na hata nyaya zikiwa nzima, kila ukaguzi wa kufuli unakula bando. Aliyeko Mbeya au Kisumu analipia gemu, kisha analipia megabaiti za kuthibitisha kwamba alilipa.

Sasa nije kwenye kufuli linalotawala gemu za kompyuta leo. Linaitwa Denuvo. Lilizaliwa Salzburg, Austria, likaanza kutumika mwaka 2014 kwenye FIFA 15. Januari 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na Irdeto. Jina la Irdeto huenda hulijui, lakini kazi yake unaijua: ni kampuni ya Uholanzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya kundi la MultiChoice la Afrika Kusini, wenye DStv, na teknolojia yake ndiyo inayofunga na kufungua picha kwenye king'amuzi. Kumbe kufuli la kwenye king'amuzi cha sebuleni na kufuli la gemu ya mwanao yanatoka nyumba moja.

Mimi sina ugomvi na kufuli la king'amuzi. Pale makubaliano yako wazi: unalipia mwezi, mwezi ukiisha picha inakatika, ukilipa inarudi. Hakuna anayedai kwamba mechi za ligi aliziweka kabatini. Ugomvi wangu ni na mtu anayekuuzia kitu kwa bei ya kununua, kwa maneno ya kununua, kwenye duka lenye kitufe kinachosema nunua, kisha anashika kwa siri haki za aliyekukodisha. Kama unakodisha, sema unakodisha, na punguza bei.

Watetezi wa Denuvo husema inafanya kazi. Kwa kiasi fulani ni kweli, na sitaki kuwaficha wasikilizaji. Mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, William Volckmann, alichapisha utafiti kuhusu gemu zenye kufuli hilo. Alikuta kwamba gemu ikivunjwa mapema sana, mapato hupungua kwa wastani wa asilimia 20. Hiyo ni fedha nyingi, ni mishahara ya watu. Lakini utafiti uleule ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 hivi, hasara ya kuvunjwa karibu haionekani. Wiki 12! Basi kufuli linafanya nini kwenye gemu ya miaka mitano? Linamlinda nani? Kuna kampuni ambazo huliondoa zenyewe baada ya muda, na nazipongeza. Nyingine huliacha pale milele, likikagua wateja ambao hakuna tena mwizi wa kuwatenganisha nao.

Na lina uzito. Mwaka 2021 Capcom walitoa Resident Evil Village ikiwa na Denuvo na juu yake kufuli lao wenyewe. Wachezaji wa kompyuta wakalalamika kwamba picha inakwama hasa wakati wa mapigano. Julai nakala iliyovunjwa ilipotoka, ikaonekana inakwenda laini kuliko ya dukani. Capcom wakatoa marekebisho mwezi huohuo. Fikiria uko kwenye idara ya mauzo, na bidhaa ya mwizi ni bora kuliko yako kwa sababu ya kitu ulichoongeza wewe mwenyewe, tena kwa gharama.

Nasikia sauti inayosema: mbona wewe mtangazaji unawatetea maharamia? Siwatetei. Najua wanamuziki wetu walivyokamuliwa na wauza CD za kuchoma, na najua gemu ni jasho la watu. Andrew Kaggia wa Nairobi, aliyetoa Nairobi X mwaka 2015, ana haki ya kulipwa kama Ubisoft. Kiro'o Games wa Cameroon, waliotoa Aurion mwaka 2016, vilevile. Vibanda vyetu vya gemu vilikua kwa pleisteshen zilizotiwa chipu ya kukwepa kufuli na kwa diski za kuchoma, na anayesema haikuwa hivyo hakuwahi kuingia humo. Ila hata chipu ile ina upande wake wa pili. Kufuli la pleisteshen ya kwanza liligawa dunia katika kanda. Diski halali kabisa, iliyonunuliwa Marekani au Japani, haikufunguka kwenye mashine ya Ulaya. Ndugu yako wa ughaibuni akikutumia zawadi, mashine inaikataa pamoja na ya wizi. Mahakama Kuu ya Australia ililitazama suala hilo la chipu mwaka 2005, katika kesi iliyoanzishwa na Sony, ikaamua kwamba kufuli la Sony halikuwa kinga ya hakimiliki kwa maana ya sheria ya nchi hiyo ya wakati ule. Majaji waliona kwamba mtu anayecheza diski aliyoinunua hatendi kosa la kunakili.

Njia nyingine ya kupambana na wizi ipo, na imetoka kwenye nchi iliyokuwa na hali kama yetu. Poland ya miaka ya 1990 gemu za wizi ziliuzwa hadharani sokoni. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha CD Projekt mwaka 1994 wakiwa katikati ya soko hilo. Walipopata haki ya kuuza Baldur's Gate hawakutegemea kufuli. Waliitafsiri yote kwa Kipoland, wakaajiri waigizaji mashuhuri wa nchi yao kuigiza sauti, wakajaza kasha kubwa ramani, kitabu na CD ya muziki, vitu ambavyo muuza nakala hawezi kuviweka kwenye mfuko wa nailoni. Watu wakanunua. Mwaka 2008 wakafungua duka la GOG, linalouza gemu zisizo na kufuli lolote: unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako, na hakuna atakayekuja kulichukua. The Witcher 3 iliuzwa hapo tangu siku ya kwanza, Mei 2015, bila kufuli. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa duniani kwenye mashine zote. Anayedai kwamba bila kufuli gemu inakufa, amweleze Iwiński.

Sheria nazo zikoje? Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria iliyofanya kuvunja kufuli la kidijitali kuwa kosa lenyewe, hata kama unachokifungua ni chako. Ulaya ikafuata mwaka 2001. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inahesabu kukwepa kinga za kiteknolojia kuwa ukiukaji. Kampuni zikapewa nguvu mbili: kufuli, na askari wa kulilinda kufuli. Mnunuzi hakupewa kitu cha kusawazisha. Marekani huruhusu vighairi vinavyopitiwa kila baada ya miaka mitatu, na mwaka 2015 iliruhusu wamiliki kufungua gemu ambazo seva zake za kuthibitisha zimezimwa. Ni hatua nzuri, lakini haiisaidii gemu kama The Crew, ambayo sehemu yake kubwa ilikaa kwenye seva. Huko Ufaransa chama cha walaji cha UFC-Que Choisir kilishinda mwaka 2019 katika kesi ya kutaka wateja wa Steam waruhusiwe kuuza tena gemu walizopakua, kisha kikashindwa kwenye rufaa mwaka 2022, na mahakama ya juu ikathibitisha kushindwa huko mwaka 2024. Ukinunua kitabu unaweza kukiuza. Gemu uliyoipakua, hapana.

California walau imetaka ukweli usemwe. Tangu Januari 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali hatakiwi kumwambia mteja kwamba ananunua bila kumweleza wazi kwamba anapata leseni tu. Steam walianza kuonyesha tangazo hilo hata kabla ya tarehe hiyo. Mimi naona haitoshi. Kuambiwa utaibiwa si kulindwa.

Waliotaka zaidi ya tangazo walijikusanya baada ya The Crew kuzimwa. Mmarekani mmoja anayeishi Poland, Ross Scott, anayejulikana kwa video zake kuhusu gemu za zamani, alianzisha Aprili 2024 kampeni ya Stop Killing Games. Dai lake ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Halisemi kampuni ziendeshe seva milele. Linasema: siku mnapoondoka, iacheni gemu katika hali ya kuchezeka, kwa kutoa sasisho la kucheza bila intaneti au programu ya seva ambayo wachezaji watajiendeshea. Wananchi wa Umoja wa Ulaya walikusanya saini kwa mwaka mzima, na zilipofungwa tarehe 31 Julai 2025 zilikuwa zimepita milioni 1.4. Uingereza, ombi kama hilo lilivuka saini 100,000 na kujadiliwa bungeni Novemba 2025, ingawa serikali ilisema haina mpango wa kubadili sheria ya walaji.

Chama cha kampuni za gemu za Ulaya kilijibu kwamba seva za watu binafsi zitahatarisha taarifa za wachezaji, kwamba maudhui haramu hayatadhibitiwa, na kwamba gharama itapanda mno. Hoja ya gharama naichukua kwa uzito, hasa kwa studio ndogo. Lakini wapo waliokwishafanya. Velan Studios walipoizima Knockout City mwaka 2023 walitoa bure toleo la kompyuta lenye seva ya kujiendeshea. Sony walipofunga seva za Gran Turismo Sport Januari 2024 waliibadilisha kwanza, na sehemu kubwa inayochezwa na mtu mmoja ikabaki hai. Na The Crew yenyewe, ile iliyouawa: mashabiki wa kujitolea, bila kupewa programu ya seva na Ubisoft, walijenga seva yao kwa kuchunguza mawasiliano ya gemu, na Septemba 2025 magari yakarudi barabarani. Kama watu wasiolipwa wameweza kwa kubahatisha, kampuni yenye michoro yote mezani inashindwa nini?

Suala la kumbukumbu nalo halitajwi vya kutosha. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo nyingi zilikuwa za diski na kaseti, ambazo maktaba inaweza angalau kuzihifadhi kabatini. Za leo, zilizofungwa kwenye seva, makumbusho ya kesho yatahifadhi nini? Siku vijana wetu wa Kigali, Kampala na Zanzibar watakapotengeneza gemu kubwa zenye hadithi zetu, wakaziuza kupitia kampuni ya ng'ambo, nani atahakikisha wajukuu wao wanaziona?

Kwa hiyo nawageukia wenye mamlaka huku. Tume ya Ushindani Tanzania inasimamia haki za mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Pakiti ya maziwa dukani haiuzwi bila tarehe ya mwisho wa matumizi. Gemu inayotegemea seva iandikwe hivyohivyo, mbele ya kasha na kwenye ukurasa wa kuilipia: seva zitawaka hadi mwaka fulani, na zikizimwa kabla ya hapo fedha inarudi. Sony walirudisha fedha zote za gemu yao ya Concord mwaka 2024, walipoifunga wiki mbili tu baada ya kuitoa, kwa hiyo mashine ya kurudisha fedha wanayo. Na sheria zetu za hakimiliki zinapofanyiwa marekebisho, kiingizwe kifungu kinachomruhusu mwenye risiti kufungua kufuli la kitu chake pale aliyelifunga anapoondoka, na kumruhusu fundi wa mtaani kumsaidia bila kuogopa polisi.

Ubisoft, baada ya kelele zote hizi, waliahidi kuwapa wenye The Crew 2 njia ya kucheza bila intaneti, na Oktoba 2025 wakaitoa. Walionunua ya kwanza wanategemea seva ya wale mashabiki.